Mikono Minne ya Zambarau

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Tangazo limebandikwa asubuhi. Karani mmoja tu wa masjala atathibitishwa kazini, Jumatatu ijayo. Tulio katika majaribio ni wawili. Hesabu hiyo naiweza.

Mwenzangu anakaa dirishani, kwa hiyo katika kitabu hiki namwita Dirisha. Amepoteza majalada mawili tangu aanze kazi. Mimi sijapoteza hata pini. Lakini yeye huingia kwa mkuu wetu akicheka na kutoka akicheka. Mimi huingia nikiwa nimekariri salamu, nikatoka nayo vilevile. Mkuu ni mama wa makamo, mwembamba, asiyepaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Jengo zima linamwita Radi. Si mbele yake.

Saa nne nikampelekea jalada. Nilibisha kwa upole mno, hakusikia, nikaingia. Akafunga droo kwa kishindo. Nimeona! Kitabu cha hadithi! Malkia wa Mikono Minne, yule mchawi mwenye ngozi ya zambarau anayelinda lango la mawingu. Juzuu ya saba! Mimi nimezisoma zote tisa, chini ya dawati, nilipokuwa chuoni.

Na siku yake ya kuzaliwa ni Ijumaa. Sikupeleleza. Fomu yake ilipita mikononi mwangu kikazi, nikaisoma kikazi. Mara mbili.

Nitamtengenezea Malkia wake. Mwanasesere kamili, mwenye viungo vinavyokunjika. Dirisha abaki na kicheko chake.

Jumanne, tarehe 5

Duka la vitu vya kuchezea. Wanasesere wa kike wote wamekakamaa kama mimi mbele ya Radi. Anayekunjika viwiko, magoti na vifundo ni mmoja tu: mwanajeshi. Viungo ishirini na vinne. Kifua kama mlango wa benki. Ila ana mikono miwili, nami nahitaji minne. Nikachukua wanajeshi wawili.

Muuzaji akauliza kama nina mapacha. Nikashtuka, nikasema ndiyo. Nikaongeza mwanasesere bibi harusi, kwa ajili ya kichwa. Akauliza, kumbe na binti yupo? Nikasema yupo, ndiye mkubwa. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema hongera sana, baba, wala hufanani. Nimetoka dukani na watoto watatu. Bahati nzuri hakuuliza habari za mama yao.

Jumatano, tarehe 6

Naishi kwa dada yangu na mumewe. Dada ni fundi cherehani, na jioni hunipa nusu ya meza yake ya kukatia. Nikaanza kukisugua kifua cha mwanajeshi kwa msasa, kipungue. Shemeji akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akatazama kwa muda mrefu, akauliza huyo askari amekosa nini. Nikamjibu kwamba anabadilishwa awe malkia. Akasema, haya shemeji, na wewe utabadilishwa lini uwe mwanamume? Nilisugua kwa nguvu zaidi.

Nikatoboa mbavu kwa msumari wa moto, nikapachika mikono ya mwanajeshi wa pili chini ya ile ya kwanza. Inazunguka! Kasoro ndogo: mmoja umenyoosha kidole, ni mkono wa kamanda. Malkia wangu daima ataonekana anamtuma mtu. Si vibaya. Radi atajitambua.

Kichwa cha bibi harusi kina tundu pana kuliko shingo ya askari. Nikajaza karatasi. Hakidondoki, ila kikiguswa kidogo tu kinaitikia. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sijapata dawa yake.

Dada ameshona joho kutoka bitana ya koti kuukuu, na akalitia pindo ambalo hata mawaziri hawana. Akasema, mdogo wangu, kumbe una mikono mizuri hivi! Sasa kwa nini usiende tu kwa huyo mama ukamwambia kazi unaiweza? Nikamweleza, kwa upole, kwamba haelewi mambo ya ofisi.

Alhamisi, tarehe 7

Rangi! Mwanajeshi ni kahawia ya biskuti, bibi harusi ni waridi kama sabuni ya kuogea. Malkia ni zambarau, tena si zambarau yoyote, ni ile ya wingu linalokaribia kunyesha. Maduka ya rangi yana zambarau ya ndoo za plastiki tu. Nikarudi kazini nimekata tamaa, nikagonga muhuri kwenye barua, nikatazama.

Ndiyo hiyo! Wino wa mihuri! Nimekaa nao miezi sita na sikuutambua!

Nikachukua chupa moja stoo. Sikuiba. Nilisaini daftari: matumizi ya kiofisi. Je, kuthibitishwa kazini si jambo la kiofisi?

Nimempaka Malkia mara tatu kwa pamba. Amependeza hadi namwogopa. Tatizo ni kwamba jioni yote imepita na bado anatoa rangi. Karatasi hunywa wino. Plastiki, inaelekea, hainywi. Dada akasema mwanike. Shemeji akasema mpepee, ni malkia huyo. Mimi nikampaka poda. Ukavu mtupu! Tena ana mng'ao wa kichawi. Elimu yangu haikupotea bure.

Mikono yangu nimeisugua kwa mchanga na sabuni ya kufulia. Ilianza kuchafuka mchana nilipoifungua chupa; Dirisha aliiona, akauliza, vipi kaka, umepigana na muhuri? Mpelelezi!

Ijumaa, tarehe 8

Naandika mlango ukiwa umefungwa.

Saa tatu, Dirisha alimpa Radi zawadi ya kalamu. Kalamu! Mkuu wa masjala! Umpe na karatasi basi! Kisha nikaweka boksi langu mezani. Nilikuwa na hotuba ya dakika mbili. Nilisema, "Hii."

Akafungua. Halafu Radi, ambaye meno yake hakuna aliyewahi kuyaona, akatabasamu. Akamkunja viwiko, akamkalisha, akamsimamisha. Akasema lo, hata pindo! Akamwuliza Malkia, karani huyu ni mchapakazi? Malkia akaitikia. Ni mwangalifu? Akaitikia. Tumfukuze? Akaitikia pia. Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilicheka mwishoni, kidogo.

Lakini hakumweka chini. Akamshika akisoma barua, akamshika akiongea na simu, na joto la leo lilikuwa halina mfano. Poda ikaisha. Akaegemeza shavu kwenye kiganja. Alipoinua uso, shavuni palikuwa na vidole vinne vya zambarau. Akajikuna kipaji cha uso. Akajishika pua.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Saa tatu na nusu kamili. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Unaanzaje kumwambia Radi habari za pua yake? Na angeuliza wino umetoka wapi, na sahihi yangu ipo stoo! Nikabuni njia ya staha. Nikampelekea glasi ya maji na karatasi laini, nikasema joto kali leo, Mama. Akanishukuru. Akalowesha karatasi, akajipangusa uso mzima.

Wino ule na maji ni marafiki wakubwa. Sasa ile zambarau ilianzia kidevuni ikaishia kwenye nywele.

Saa nne wakafika wakaguzi watatu kutoka makao makuu. Akawapa mkono. Wakatupa mkono. Mmoja alikuwa na shati jeupe na tabia ya kujipapasa tumbo anapofikiri, na leo alifikiri sana. Vitasa, vikombe, kuta za ngazi, yote zambarau. Kila mtu aliona, hakuna aliyethubutu kumwambia. Wakaguzi walidhani ni maradhi, wakawa wanaongea naye kwa sauti ya hospitali.

Saa saba Dirisha akarudi kutoka posta. Akaingia, akamtazama, akasema kwa sauti iliyofika ghorofa ya juu, "Mama, uso wako wote ni wino! Njoo kwenye kioo!"

Mbele ya wageni! Hana adabu hata chembe.

Jumapili, tarehe 10

Hamu ya chakula sina. Nimeandika barua tatu za kujieleza. Ya kwanza inalaumu hali ya hewa, ya pili kiwanda cha wino, ya tatu wakaguzi kwa kupenda kushikana mikono. Dada amezisoma zote tatu, akaniuliza neno samahani liko ukurasa gani. Nikamwambia haliingii, barua ni ya kitaalamu. Shemeji akasema ningekuwa na mikono minne ningeandika nne.

Jumatatu, tarehe 11

Niliitwa saa mbili na robo. Uso wa Radi umerudi, isipokuwa nyuma ya masikio. Sikumwambia.

Malkia alikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, kidole kikinielekea. Radi akatoa barua mbili, akanipa ya kwanza nisome. Ilikuwa ya kunithibitisha mimi. Mimi! Imechapwa na kusainiwa Jumatano! Kabla Malkia hajapata hata ngozi! Akasema majalada yangu hayana dosari, alishaamua siku nyingi, zawadi wala hakuihitaji.

Kisha akaichukua barua, akaichana katikati, polepole, kama mtu anayefungua bahasha.

Akasema wino si kitu. Nyumbani wamecheka hadi usiku. Lakini kwa ile glasi ya maji amejua kwamba niliona tangu saa tatu na nusu, nikanyamaza hadi saa saba. "Dirisha hupoteza majalada, lakini hunijia mwenyewe akaniambia, Mama, nimelipoteza," akasema. Kumbe hata yeye humwita Dirisha! "Wewe mwanangu, ukiniona naungua, si utaniletea feni?"

Dirisha amethibitishwa. Mimi, kwa barua ya pili, naanza majaribio upya, miezi sita mingine, kwenye chumba cha kumbukumbu, chini kabisa. Dirisha akanishika bega, akasema pole, kaka, ukikwama niite. Majivuno!

Jumanne, tarehe 12

Nimetafakari usiku kucha bila kujihurumia, na sasa kosa nimeliona wazi. Lilikuwa ni ile rangi.

Mkuu wa huku chini ni mzee mpole, msahaulifu, mwenye miwani mizito. Ukutani kwake ametundika picha ya farasi mwenye mabawa, kutoka hadithi gani sijui, nitaitafuta. Farasi wa viungo nimemwona kwenye dirisha la duka, mabawa nitayakata kwenye feni mbovu iliyo pale kwenye kona. Na ni mweupe! Mweupe ni rahisi! Humu kuna katoni nzima ya ule wino mweupe wa kufutia makosa. Nimeujaribu kwenye ukucha. Unakauka kwa dakika moja, na hautoki kwa chochote.

Mzee mwenyewe amevaa sweta nje ndani tangu asubuhi, na saa nane anapanda juu kuonana na wakaguzi. Sijasema kitu. Nitamwambia nikishathibitishwa.