Maji ya Mashimo Kumi na Manane

Redio ilitangaza kwamba Bukavu ingepata uwanja wa gofu wa mashimo kumi na manane, na kwamba majani yake yangenyweshwa maji ya Ziwa Kivu asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja. Tangazo lilisomwa na Papa Venant mwenyewe, Rais wa Kamati ya Majani Mafupi, kwa sauti ya mtu anayetangaza mwisho wa njaa.

Injinia Colombe alilisikia akipanda kutoka ziwani, bidon ya maji ya lita ishirini kichwani. Alikuwa na diploma ya mambo ya maji, ofisi yenye ramani ya mabomba yote ya mji, na nyumbani robinet, koki ya maji, iliyokauka miaka minne. Mtaa wao wote wa mteremkoni ulichota ziwani. Mwezi uliopita jirani yake, Maman Maombi, aliteleza kwenye udongo mwekundu akavunjika mkono, na watu wakamsifu kwa sababu bidon haikumwagika.

Kesho yake Colombe aliitwa kwenye Kamati achore pampu na mabomba.

“Injinia,” Papa Venant alisema, “majani haya iko mugeni wa Serikali. Mugeni hawezi kusikia kiu.”

“Sawa, Président. Yatakunywa metre cube mia tatu kwa siku. Lakini bomba itapita katikati ya mutaa yetu. Tukiweka robinet moja, mbili pale…”

“Ya nani?”

“Ya batu.”

Papa Venant alifungua kitabu cha masharti ya kazi, akatafuta watu kwa uaminifu kabisa, ukurasa kwa ukurasa. “Batu habamo,” alisema kwa masikitiko. “Kuko majani, kuko muchanga, kuko bata mbili ya mapambo. Batu, hapana.”

Colombe alipima kilima siku tatu. Kiwanja kilichotolewa kilikuwa mgongoni mwa kilima, na mvua ilikuwa imekwisha kukila pande zote mbili. Mashimo yaliyoweza kuenea yalikuwa mawili.

Kamati ilikaa kikao cha dharura. Mjumbe mmoja alishauri yachimbwe yote kumi na manane mahali pamoja, kila mchezaji ajichagulie lake. Wazo lilipelekwa kwenye uchunguzi. Gisèle, mwandishi wa Kamati, aliuliza kama wasingeweza kutangaza upya kwamba ni mawili.

“Redio imesema dix-huit, kumi na nane,” Papa Venant alijibu. “Redio hairudi nyuma.”

Colombe aliinua mkono. Hakuwa amewahi kudanganya katika mchoro hata mara moja, na hata leo hakukusudia kuanza.

“Président, yale kumi na sita tunaweza kuyashusha mutaani. Kati ya nyumba na nyumba kuko nafasi. Mupira itashuka yenyewe.”

Kamati ilipiga makofi.

“Ila kila shimo lazima ipate robinet yake,” aliendelea polepole, “sababu ya majani.”

“Bien sûr!”

“Na mulinzi mwenye kushika funguo. Mutu wa palepale.”

“Gisèle, andika!”

Ikaandikwa kwamba kila shimo litakuwa na maji saa zote, na yeyote atakayelikatia maji ni adui wa majani. Papa Venant alitia sahihi na mihuri mitatu, wa tatu kwa furaha tu.

Pampu ikafungwa ufukoni, ikasukuma maji hadi kwenye tangi la kilimani, na kutoka pale yakashuka yenyewe. Mashimo kumi na sita yakapata kila moja sakafu ya simenti, robinet, kibendera chenye namba, na kipande cha majani cha ukubwa wa mkeka wa kusalia. Siku maji yalipofika, Maman Maombi, mlinzi wa shimo la tano, alifungua kwa mkono mzima, akakinga maji kwa ule uliovunjika. Maji yalimtiririka hadi kwenye kiwiko, naye akasimama tu. Colombe alijifanya anasoma kipimo cha nguvu ya maji, lakini namba alikuwa hazioni.

Kiangazi kikaingia. Yale mashimo mawili ya juu, yaliyokuwa karibu kimo kimoja na tangi, yalipata matone tu, maana mtaa ulichota mchana kutwa. Colombe alikuwa ameyaeleza hayo wazi kwenye ripoti, ukurasa wa arobaini na moja, mahali ambapo Kamati haikufika. Majani ya juu yakawa na rangi ya biskuti.

Papa Venant alishuka kwa miguu, jeep ikiwa imeshindwa na njia, akamkuta Colombe kwenye shimo la tano.

“Funga hizi robinet zote!”

“Siwezi, Président. Sahihi iko yako. Mimi naogopa kuwa adui wa majani.”

“Basi nitafunga mimi mwenyewe!”

Alipita mbele ya foleni. Maman Maombi akaweka mguu kati yake na robinet.

“Papa, wenzako banangoja.”

“Unanijua mimi ni nani? Mimi ni Président wa Kamati!”

“Aksanti, Président. Na bidon yako iko wapi?”

Simu ya Papa Venant ikalia. Sauti ya mke wake, Maman Rosalie, ilisikika mpaka kwa mtu wa kumi kwenye foleni. “Venant! Banasema uko kule kwa mashimo. Huku kwetu mayi imekatika tangu siku ya lundi, miye sijaoga. Leta bidon mbili. Na usirudi mikono mitupu!”

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa heshima kubwa, na iliwagharimu.

Papa Venant alimtazama Colombe. Colombe alitazama kipimo.

“Maman,” Papa Venant alisema hatimaye, kwa sauti ambayo redio isingeikamata, “unaweza kuniazima bidon?”

“Bidon iko,” Maman Maombi alijibu. “Lakini mukia ya foleni iko kule chini.”

Rais wa Kamati akateremka na bidon mbili za njano, akishika kuta za nyumba za watu asiteleze. Mama wa mwisho kwenye foleni alisogea kumpa mahali pa kukanyaga.

“Usiogope, papa,” alimwambia. “Leo inaenda mbio. Masaa mbili tu, utafika.”