Ndala za Mzee Kipriani

Jumatatu, 1 Oktoba 2001, Nachingwea.
Chuo kimetusimamisha masomo, sisi viongozi wa mgomo. Historia itatuhukumu kwa haki! Wakati huohuo, nimeposa. Mzee Kipriani, babaye Albina, atatoa jibu Jumapili baada ya misa. Mpinzani wangu, Mwalimu Dastani, amekwisha kumletea mzee ndala za plastiki, yeboyebo, kutoka Ruangwa. Hazikumwenea! Kwa nyayo zile ndefu, hakuna duka lenye saizi yake. Saa ya mapinduzi imewadia.

Jumatano, 3 Oktoba.
Nimeyeyusha soli kuukuu katika sufuria ya Mama, nimtengenezee mzee ndala za saizi yake. Sayansi tukufu! Kila mnyororo wa molekuli humo una sehemu mbili, ngumu na laini, zisizopatana kabisa, ila zimeungwa zisiachane. Kama ndoa. Soli zikiyeyuka, minyororo hujongea taratibu, mfano wa nyoka waliosongamana, kila mmoja akizuiwa na nusu yake isiyotaka kwenda. Ukiivuta, sharti uiache motoni itulie, ijikunje ipendavyo. Niliyaandika hayo mtihanini, nikapata A. Mama ameuliza kama nimerudi kupindua serikali au sufuria yake.

Alhamisi, 4 Oktoba.
Soli hazikutosha. Nimelivuta bamba la soli zilizoyeyuka hadi likafikia urefu wa wayo wa mzee. Dada yangu Mwanasha akasema niliache motoni litulie, kama nilivyomhubiria jana, kisha niongeze soli siku ya gulio. Kutulia! Wakandamizaji wote husema “tulieni”! Nimelitosa katika maji baridi. Likaganda papo hapo, refu, limenyooka. Ushindi!

Jumamosi, 6 Oktoba.
Ndala nilizokata katika bamba zimemwenea! Mzee akaniita mwanangu. Dastani akanuna. Kisha mzee akaketi kukaanga korosho, nyayo karibu na moto. Ole! Minyororo niliyoinyima utulivu ikakumbuka umbo lake. Ndala zikasinyaa, zikajikunja, zikambana vidole. Mzee akaruka, akipiga kelele kwamba anamezwa. Dastani akazikata kwa kisu, kisha akaniuliza, mbele ya Albina, kama nilimshonea mzee au mwanasesere.

Jumapili, 7 Oktoba.
Sikukataliwa! Mzee amesema binti yake si mkutano wa hadhara; nisubiri msimu wa korosho uishe, nije mikono mitupu. Albina akaongeza kwamba angenikubali hata leo, lau ningeweza kuketi naye mchana mmoja bila kusimama kuhutubia.
Nimetafakari. Kosa ni moja tu: sikulivuta bamba vya kutosha. Ningelivuta maradufu, hata likisinyaa lingebaki saizi yake! Moto umekwisha kuwaka. Mama anauliza viko wapi viatu vyake vya misa.
Nimemwambia atulie.