Mtakatifu Petro na Nyangumi wa Mbao

Jumatatu, 24 Juni
Bado yumo! Dume la simba-bahari, shingo nene yenye manyoya, zito kama ng'ombe, linakoroma ndani ya mashua yangu. Harufu yake! Na Jumamosi ni sikukuu ya Mtakatifu Petro. Ijumaa Bi Irma, mwenyekiti wa chama chetu cha wavuvi, atachagua mashua ya kumbeba Mtakatifu, ile sanamu yake ya kanisani, kuzunguka ghuba, na Bi Irma hukagua kwa pua. Marehemu baba alimbeba mpaka uzeeni. Mimi, hata mara moja! Shemeji yangu Custodio kambeba mwaka jana, na mpaka leo anatembea kifua mbele. Kapita akaniuliza kama huyo abiria wangu anajua kupiga makasia. Nikacheka meno tu.

Jumanne, 25 Juni
Dume lilipokwenda kula, nikaivuta mashua nchi kavu, juu ya magogo. Nilidhani litajiburuta kwa tumbo na kushindwa. Kumbe hawa wenye masikio hukunja mapezi ya nyuma chini ya tumbo, wakatembea kwa yote manne! Likapanda gogo kwa gogo, polepole, bila haraka yoyote. Likanipigia chafya usoni. Mke wangu Edelmira kaniambia nikaoge kwanza, ndipo niingie ndani.

Jumatano, 26 Juni
Nimepata! Simba-bahari haogopi mtu wala mbwa. Ila nyangumi muuaji akitokea, hakai mtu! Nimeung'oa mlango wa jikoni, nikamchonga nyangumi: pezi refu mgongoni, rangi nyeusi, tumbo jeupe. Mzuri mno. Edelmira anauliza baridi hii ya Juni itazuiwa na nini. Nikamwambia avumilie, ni kwa ajili ya Mtakatifu. Kajibu kwamba Mtakatifu hapiki.

Alhamisi, 27 Juni
Balaa! Nimeirudisha mashua majini, nyangumi nikamfunga kando yake. Simba-bahari wamemwona, wameogopa kweli. Lakini anayemkimbia nyangumi hutoka majini! Na kilichokuwa karibu ni mashua yangu. Wakarukia humo kundi zima, majike na watoto wao, madume yakigombea kiti cha nahodha. Custodio kawaita watu wote wa gatini, akawatangazia kuwa shemeji yake kafungua hoteli.

Ijumaa, 28 Juni
Bi Irma hakufika hata karibu. Leso puani, akageuka. Kasema nisijisumbue na maua ya karatasi ya kupambia mashua. Custodio tena! Nilimwona akiyafunga maua yake, nikamkumbuka baba, roho ikaniuma hasa. Halafu wazo likaja. Nyangumi aliyejaza mashua yangu atajaza na yake! Alfajiri namfunga kwake. Mashua yake ikinuka, Mtakatifu atatafutiwa nyingine, na yangu nimeisugua mpaka viganja vimechubuka.

Jumamosi, 29 Juni
Kamba ilikatika. Nyangumi akaelea mpaka katikati ya ghuba, na maandamano yalikwisha ng'oa nanga. Kwetu, mashua ya Mtakatifu ikishaondoka hairudi nyuma, hata iweje. Custodio aliliona pezi, akapiga ishara ya msalaba, akasonga mbele. Simba-bahari nao wakaliona. Wakarukia mashua ya kwanza, ya Custodio! Ikalala ubavu. Padri akamkumbatia Bi Irma, na Mtakatifu akazama kichwa kwanza.

Nilikuwa mashua ya mwisho. Sikufikiri, nikajitosa. Maji barafu! Nikamdaka, nikamweka mgongoni, nikaogelea naye mpaka ufukweni. Watu wakapiga makofi, wazee wakalia. Bi Irma, akitetemeka, akatangaza kuwa mwaka ujao Mtakatifu ni wangu. Nikalia na mimi.

Hapo mawimbi yakamleta nyangumi ufukweni, chali. Edelmira akamtazama, akauliza mbele ya umati mzima nani kautupa mlango wake wa jikoni baharini.

Jumapili, 30 Juni
Nimepigwa marufuku. Nisimkaribie Mtakatifu hata kwa mshumaa. Custodio atambeba mwakani, na mwaka utakaofuata, na mwingine. Edelmira hasemi nami. Nina homa, upepo unapita jikoni utakavyo.

Lakini nimembeba! Baba alimbeba kwa mashua, mimi kwa mgongo wangu mwenyewe. Hilo hawanipokonyi.

Nimelala nawaza. Wazo halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kamba. Na nikiutazama vizuri mlango huu wa chumbani, ni mpana kuliko ule wa jikoni.