Masahihisho ya Kifo cha Mama

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

Kwa heshima yote inayowezekana kwa mtu wa kazi yako, nalalamika. Silalamikii tangazo la redio yenu la Jumanne kwamba mama yangu, mwimbaji wa densi aliyejulikana kama Binti Umeme, amefariki. Tangazo lile lilikuwa zuri. Nalalamikia masahihisho yenu ya Jumatano kwamba yu hai.

Fundi mitambo wenu amenieleza kosa lilivyotokea, na mimi sioni kosa. Kompyuta ya studio ina mafaili mawili ya wanamuziki wa nyumbani: "Wanaovuma" na "Marehemu". Mama hajavuma tangu nikiwa shule ya msingi. Nyimbo zake zilihitaji pa kukaa, mkaziweka palipobaki. Mtangazaji wa mchana akafungua faili, akaona jina, akalia hewani. Utaratibu ulifuatwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne mlipiga nyimbo zake zote. Mchambuzi wenu akasema aliibadilisha densi ya nchi hii. Mimi nina shahada ya muziki, na nasema bila kupepesa macho kwamba nusu ya maneno ya wimbo uliompa jina ni "cheza". Hata hivyo mama alikaa jikoni, kisu mkononi, kitunguu hakijamenywa, akasema taratibu, "Kumbe walikuwa wananipenda." Tangu masahihisho hamjapiga hata mmoja. Kama hayo ndiyo malipo ya kufufuka, mngemwacha alale.

2. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye kila mama akipita humuuliza, "Umeme, leo mgao vipi?", alikuja mbio akibubujikwa machozi, amebeba gauni la jukwaani ambalo kwa muda mrefu alidai hana nafasi ya kulishona. Mama akamfungulia mlango mwenyewe. "Ah. Dada, kumbe upo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Akaondoka na gauni lake.

3. Siku hizi mama hutumbuiza kwenye ufunguzi wa maduka, juu ya lori, akifuatisha kwa midomo sauti aliyokuwa nayo zamani. Duka la mwisho lilikuwa la magodoro. Walimwomba amalizie wimbo akiwa amelala. Akalala. Watu wakalipigia makofi godoro. Basi Jumanne hiyo chama cha wanamuziki kilipanga tamasha kubwa la kumuenzi, Jumatano kikalifuta. Mama alipiga simu kuuliza kama anaweza angalau kuimba mwenyewe. Katibu alimjibu kwa adabu sana: "Mama yetu, bajeti ilikuwa ya marehemu."

4. Mimi. Maisha yangu yote nikitaja jina la mama, kuna mtu atanitikisia kiuno. Jumanne bosi wangu alinishika mkono kwa mikono miwili na kuniita binti wa msanii. Yatima huheshimiwa, Ndugu Mkurugenzi. Mtoto wa mwanamuziki aliyechuja huchezewa.

Kwa hiyo naomba mfute masahihisho. Mama ataendelea kuishi, lakini kwa utulivu, bila kuisumbua redio. Nitahakikisha hatoki nje saa za vipindi. Ninyi wenyewe hamna faili la mtu aliye hai asiyevuma; nawaomba tu muwe na msimamo.

Nisalimie mtangazaji wa mchana, asiache kulia. Msalimie pia mlinzi wa getini, aliyenipa pole mara mbili, moja kwa kila habari.

Ni mimi, mfiwa niliyenyang'anywa msiba,
Binti wa marehemu wa Jumanne

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha. Mama alikwenda dukani akachelewa, simu yake haipatikani, na mtu akapita dirishani akisema kuna mwanamke amegongwa na pikipiki njia panda. Nilikimbia bila viatu. Aliyegongwa ni muuza mayai, na yaliyoumia ni mayai tu. Mama alikuwa amechuchumaa kando yake, akimfuta mikono kwa kitenge chake. Akaniangalia miguu. "We mtoto, nani kafa?"

Tafadhali, yarudieni yale masahihisho. Kila baada ya taarifa ya habari, kama inawezekana.