Jina la Mama Ndani ya Mabano

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Wiki ya kwanza ya kazi. Naingiza kanda za zamani za kikundi cha taarab kwenye kompyuta, hapa Vuga, ili watu wazisikilize kwenye simu. Leo karatasi ya kanda moja imeandikwa: "Sinia Halijapoa (harusi ya Bwejuu, mwitikiaji Mwatum)". Mama yangu! Kafariki kabla mwanangu hajazaliwa. Jina lake halijaandikwa pahala pengine, hata kaburini. Nimeliandika lote kwenye jina la wimbo, mabano na vilivyomo. Mwanangu naye ni Mwatum. Akikua atamkuta bibi yake.

Jumanne, 9 Septemba
Ulfat kafuta! Mwenzangu wa kazi huyu kasoma chuo kikuu Tunguu, na kila asubuhi lazima tukumbushwe. Kasema jina la wimbo ni jina la wimbo. Nani kaitikia, harusi ya nani, huwekwa kwenye kisanduku cha Maelezo. Nani hufungua Maelezo? Mtu anaona jina, anabonyeza, anakwenda zake kupika. Nimerudisha. Kafuta. Nimerudisha. Kafuta, kaniambia nna kichwa kigumu kama kifuu. Bwana Haroub, mkubwa wetu, kasema Ulfat ana haki. Nimeondoka na ile karatasi. Ushahidi.

Jumatano, 10 Septemba
Ulfat kaitwa mkutanoni Chukwani kutwa nzima. Alhamdulillahi. Nyimbo zote mia mbili na kumi na nne nimezitia "(mwitikiaji Mwatum)". Moja moja! Vidole vimekufa ganzi. Na afute sasa, achoke kama nlivyochoka mimi.
Nyumbani mtoto kaitafuna ile karatasi. Imebaki "Sin". Si kitu, roho yangu wee. Jina limo kwenye kompyuta, na limejaa.

Alhamisi, 11 Septemba
Ulfat kabonyeza mara moja. Mara moja! Mabano yote yametoweka, na chai yake bado inafuka moshi. Sasa ziko "Sinia Halijapoa" tatu, za harusi tatu, zinafanana kama mayai. Ipi ya mama? Nikamwambia kamfuta mama yangu. Kaweka kikombe chini.
"Mama'ko? Mwenzangu, mie maneno yale ya mabano yote nshayahamishia Maelezo tangu juzi. Leo kuona Mwatum kajaa kila wimbo, nikajua unanchezea, nikayafuta na yale."
Kisha kaniuliza kwa nini sikusema. Swali gani hilo? Nimelia chooni. Hasira tu.

Jumamosi, 13 Septemba
Tumezisikiliza zote tatu, mtoto mapajani, Ulfat pembeni yangu kanuna. Ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Ya tatu, waitikiaji wote washanyamaza, sauti moja inamalizia peke yake. Imechelewa. Mama! Hata harusi yangu alichelewa. Mtoto kaacha kunyonya, kageuza kichwa. Ulfat kapangusa macho, kasema vumbi la kanda. Kaandika mwenyewe kwenye Maelezo: "Mwitikiaji Mwatum, anasikika mwisho."
Bwana Haroub kaniapisha: kisanduku cha jina la wimbo nisikiguse tena. Nimesema naam, nimeapa, na kiapo changu nnakiheshimu.
Lakini mwimbaji naye ana kisanduku chake. Kwenye simu kinaonekana vizuri tu, chini ya jina. Hicho hakuna aliyekitaja. Na Jumatatu Ulfat yuko Chukwani.