Umbea Uliompeleka Mume Wangu Mbele ya Bastola

Jumatatu, 7 Machi 1831
Kiti cha waziri kimebaki wazi. London nzima inataja wawili: mume wangu Peregrine, na Sir Ludovic Crane. Peregrine hana makuu, hivyo kazi ni yangu. Leo wabunge walipojaa sebuleni kwangu, nikamnong'oneza Lady Wrotham, hasimu wangu, kwamba Sir Ludovic anataka kuhamia chama cha pili. Nikamsihi asimwambie mtu. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Jumatano, 9 Machi
Umbea umefika mbali kuliko nilivyotaka. Umemfikia Sir Ludovic. Amemtuma kapteni mmoja kusema kwamba maneno yametoka nyumbani kwetu, na kwa kuwa mwanamke hapigwi risasi, atakayejibu ni bwana wa nyumba. Kwa bastola, Ijumaa alfajiri. Peregrine hajawahi kulenga hata kwale akampata. Akaniuliza, "Mke wangu, umesema nini tena?" Nikajibu sijui.

Alhamisi, 10 Machi
Nimekwenda kumwomba Lady Wrotham akiri kwamba mwenezaji ni yeye. Akanimiminia chai taratibu. "Shoga yangu, uliniomba nisimwambie mtu. Nami kila niliyemwambia nimemwomba vivyo hivyo." Jioni Peregrine hakugusa nyama. Amemuaga mbwa. Nilitaka kumwambia ukweli, nikaishia mlangoni kwake. Akasema kutoka ndani, "Nikifa, usiolewe na mtu wa chama kile."

Ijumaa, 11 Machi
Niliposikia gari la farasi nilijificha nyuma ya pazia. Sikuthubutu kutazama nani anashushwa. Kashuka Peregrine mwenyewe, mzima, kofia ina tundu. Sir Ludovic alilenga akakosa. Peregrine akafyatua hewani, kisha akaomba radhi kwa niaba yangu. Kumbe Jumatatu alikuwa amesimama nyuma yangu, alinisikia. Nililia hadi nikapaliwa. Nimeapa kufunga mdomo.

Jumamosi, 12 Machi
Waziri Mkuu hataki watu wa bastola. Kiti amepewa Lord Wrotham. Mkewe amepita hapa na kofia mpya, kunipa pole.
Jumanne nina wageni wa chakula. Mke wa askofu nimemweka kando yangu. Nasikia Lord Wrotham anakohoa sana. Kama anatema damu sina hakika, lakini ukilisema kwa sauti ya chini linaaminika.