Inspekta Vumbi na Viatu vya Wageni

Jumapili, 7 Julai 2002

Imekamilika! Sura ya kwanza ya Inspekta Vumbi, wino mweusi, kila kisanduku kimepigwa rula. Mkono unauma. Shingo haigeuki. Nimejipongeza kwa sauti kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kunipongeza.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: Inspekta Vumbi mchana ni karani wa stoo kiwandani Athi River, kama mimi. Hakuna anayemjali. Uhalifu ukitokea anageuka vumbi, anapenya chini ya mlango, kisha anajikusanya upande wa pili akiwa na koti refu, kofia na misuli. (Misuli nimebuni.) Katika sura hii baiskeli ya katekista imeibwa. Mshukiwa anaapa kwamba baiskeli iliyo nyumbani kwake ni yake mwenyewe, na kwamba huipanda kila siku kwenda Isinya. Inspekta haongei. Anapitisha kidole juu ya kiti. Kisanduku kinachofuata kimejaza ukurasa mzima: kidole, vumbi, macho ya mwizi yamemtoka. Inspekta ananguruma: VUMBI LIMENIAMBIA! Baiskeli haijaguswa tangu ifichwe pale. Nilipochora hapo nilisisimka mpaka nikamwaga wino.

Sasa nahitaji msomaji. Hapo ndipo kazi ilipo. Ploti hii ya kupanga ya Kinyanjui hapa Noonkopir, Kitengela, ina vyumba vinane, mimi niko namba sita, huu mwaka wa tatu, na mtu pekee aliyewahi kubisha mlango wangu ni Kinyanjui mwenyewe, mwisho wa mwezi, akidai kodi. Hata yeye haingii.

Namba tano anakaa Lennox. Anauza bima na meno yake ni mengi. Ana televisheni. Tangu Kombe la Dunia watu walizoea kujazana kwake, na kombe limekwisha lakini hawajaacha. Kila mtu anavua viatu mlangoni, ndivyo ilivyo ploti nzima, maana vumbi la Kitengela hakuna anayelikaribisha ndani. Leo jioni viatu vya wageni wake vilijaa mpaka vikavuka upande wangu. Kimoja cha mtoto kilikuwa kwenye kizingiti changu. Nilikitazama kwa muda kabla ya kukirudisha.

Ndipo nikapata wazo. Watu hawamfuati Lennox. Wanafuata viatu! Mtu akipita, akaona viatu vingi mlangoni, anajua ndani kuna raha, na yeye anavua. Kichwa changu hiki, sijui kwa nini kiwanda kinakitumia kuhesabu nati.

Jumatatu, 8 Julai

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi soko la mitumba. Nimechagua kwa makini, maana mchoraji mzuri hachori mtu bila kumjua. Viatu vyeusi vya kamba: huyo ni mhandisi. Vya kike vyekundu, kisigino kirefu: huyo ni mtangazaji wa redio. Akala za tairi zilizolika upande mmoja: huyo ni mzee mwenye ng'ombe wengi. Muuzaji aliuliza kama nina familia kubwa. Nilisema nina wageni.

Nimevipanga mlangoni kwa fujo kidogo, kama watu waliovua kwa haraka ya kuingia. Nikafunga mlango, nikawasha redio, nikacheka kwa sauti mara kadhaa. Lennox alipita. Alisimama! Niliona kivuli chake kwenye ule uwazi wa chini ya mlango. Alisimama kisha akaenda zake, lakini alienda polepole.

Nimekula ugali na sukuma na wageni wangu watatu. Mhandisi anaongea sana.

Jumanne, 9 Julai

Naipanoi wa maziwa alifika asubuhi. Nikamsalimu kwa Kimaasai, takwenya, akaitikia iko, akaangalia viatu, akaniangalia mimi. Akauliza kama wageni wangu wanakunywa chai ya rangi. Kisha akaona zile akala na kusema kwamba mzee mwenye akala za namna hiyo asipopewa maziwa atakwenda kunitangaza mpaka Kajiado mjini. Nikanunua maziwa ya watu wanne. Nimekunywa mpaka tumbo linalia kama bomba. Yaliyobaki yameganda.

Jumatano, 10 Julai

Siku kubwa na siku mbaya.

Asubuhi kwenye mfereji nilimpata Valerie wa namba tatu. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki fulani, na anacheka akiwa peke yake anapofua. Nimekuwa nikitaka kumwonyesha Inspekta tangu nilipochora pua ya kwanza. Nikamwambia, kama mtu asiyejali, kwamba wageni wangu wamegombania nakala zote za kitabu changu na imebaki fotokopi moja tu. Aliipokea kwa mikono miwili baada ya kuikausha kwenye leso. Sikumbuki nilivyofika kazini.

Jioni, mlango ukabishwa. Mlango WANGU! Alikuwa Valerie. Alisema amemaliza kitabu, ana maswali, na pia amepika chapati akaona alete chache kwa sababu niko na wageni.

Niliruka kwenda kufungua, nikasimama mkono ukiwa kwenye komeo. Nikageuka kutazama chumba. Kiti kimoja. Kikombe kimoja. Sahani moja. Mhandisi hayupo, mtangazaji hayupo, mzee hayupo. Niko mimi na redio. Ningemwambia wageni wako wapi, chini ya kitanda?

Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba tuko kwenye maombi. Kwa bahati mbaya wakati huo redio ilikuwa ikipiga rumba. Valerie akasema pole kwa kusumbua, atakuja siku nyingine. Nilisikia hatua zake. Nikasikia mlango wa Lennox ukifunguliwa. Harufu ya chapati ilipita chini ya mlango wangu bila shida yoyote, kama Inspekta mwenyewe.

Sipati usingizi. Si kwa sababu ya chapati. Sawa, kidogo kwa sababu ya chapati.

Alhamisi, 11 Julai

Kinyanjui amekuja kabla ya mwisho wa mwezi. Jambo zito. Amesema chumba kimekodishwa kwa mtu mmoja na maji yanatumiwa na wanne. Nikamhakikishia kwamba wageni hawaogi. Akatazama viatu. Akasema tangu Jumatatu anaviona pale pale, mchana na jioni, na choo cha ploti kiko kule mwisho. Akauliza: kwani wageni wako wanaenda choo pekupeku?

Nikasema ni watu wa kwao. Hata mimi sijui nilimaanisha nini, lakini aliondoka akitingisha kichwa.

Fundisho: viatu lazima vitoke asubuhi na kurudi jioni, kama wenyewe. Kesho navibeba.

Ijumaa, 12 Julai

Nilivibeba kazini kwenye mfuko wa sukari. Nilisahau kwamba jioni langoni askari Musila hukagua kila anayetoka. Akaingiza mkono, akatoa kiatu chekundu cha kisigino. Akakiinua juu. Foleni nzima ilikuwa nyuma yangu. Akatoa akala. Akatoa viatu vya mhandisi. Akauliza nimeacha watu wangapi pekupeku huko ndani. Nikasema ni vya wageni wangu. Akauliza wageni wako wapi. Nikasema nyumbani. Akaniuliza kama huwa nawafungia.

Kicheko kilinifuata mpaka barabarani. Sivibebi tena! Vitakaa mlangoni, na Kinyanjui na choo chake watajua wenyewe.

Jumamosi, 13 Julai

Upepo kutoka mbugani siku nzima. Malori ya mchanga yakipita, huoni nyumba ya pili. Nimefunga dirisha, nimeziba uwazi wa chini kwa gunia, nikachora sura ya pili. Inspekta amefungiwa ndani ya chupa na adui yake, Profesa Ufagio. Hawezi kutoka mpaka mtu afungue kifuniko. Nimechora visanduku vingi vya yeye akitazama nje kupitia glasi. Vimekuwa vingi kupita mipango. Hata sijui nitamtoaje.

Jumapili, 14 Julai

Naandika haya nimekaa chini sakafuni.

Asubuhi nikirudi kutoka kanisani, Valerie aliniuliza kama wageni wangu walifurahia ibada. Nikasema sana! Wote watatu walikuja, tena mtangazaji alicheza wakati wa sadaka mpaka padri akatabasamu. Akauliza, na sasa? Nikasema sasa wamepumzika ndani. Akasema vizuri. Akavitazama viatu. Akatazama tena. Kumbe tangu Jumatano ile fotokopi ilikuwa imezunguka ploti nzima, imechakaa pembe, mama watoto wa namba moja ameisoma mara mbili. Wote wamempenda Inspekta. Hakuna aliyeniambia! Valerie anasema walikuwa wakingoja wageni waondoke.

Mchana nikasikia watu mlangoni. Wengi. Nikatoa gunia, nikalala chini kuchungulia. Miguu ya ploti nzima. Katikati, soksi safi za Lennox. Akachuchumaa. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kiatu chekundu, polepole, vile vile kama nilivyochora. Kidole kikarudi na vumbi la Jumamosi nzima, zito, la rangi ya biskuti. Kiatu cha mtu aliyecheza kanisani asubuhi!

Lennox akapaza sauti: VUMBI LIMENIAMBIA!

Walicheka wote. Walicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Nami, Mungu anisamehe, kabla ya kuona aibu niliona fahari, kwa sababu alilisema vizuri kabisa, na kila mtu alilijua neno hilo. Ni langu. Kisha aibu ikafika. Nikawasha redio.

Baadaye Valerie aliwaambia waende, hayo si mambo ya kucheka. Wakaenda. Yeye akakaa kwenye kizingiti. Niliona patipati zake za buluu kwenye ule uwazi. Akazivua. Akazipanga kando ya viatu vyangu, vyangu hasa, vya kazi.

Alisema kupitia mlangoni kwamba ploti nzima ilidhani sitaki watu. Pazia chini kila siku, salamu za haraka. Kisha viatu vikaja, wakasema aah, kumbe ana watu wake, tusimsumbue. Akasema Jumatano aliondoka mlangoni na zile chapati akijiona mjinga. Akasema hata kwake kiti ni kimoja, wageni wakija yeye hukaa kwenye ndoo. Halafu akauliza katika sura ya pili Inspekta anaelekea wapi.

Sura ya pili ilikuwa mezani. Hatua mbili tu. Nilitaka kufungua, naandika hivi kwa sababu ni kweli, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nije Kitengela. Nikaona uso wangu utakavyokuwa mlango ukifunguliwa. Nikajibu kwamba sipo.

Kisha akasema basi, nikirudi nijiambie kwamba alipita.

Jumatatu, 15 Julai

Sikuenda kazini. Nimefungua mlango alfajiri, hakuna mtu. Patipati za buluu ziko pale pale. Aliondoka pekupeku, kwenye kokoto zile. Nimezitazama sana. Hazina vumbi. Ndivyo viatu vya kwanza mlangoni pangu vilivyovuliwa na mtu aliyekuja kwangu.

Nimefikiri asubuhi nzima, kwa utulivu, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Si wazo! Wazo ni zuri. Tazama: wiki ilianza na jozi tatu za wageni, sasa ni nne, na hii ya nne imekuja yenyewe. Viatu vinavuta viatu, kama nilivyosema. Kosa lilikuwa vumbi tu. Mtu anayechora Inspekta Vumbi, akashindwa kupangusa vumbi!

Nimenunua brashi na kiwi. Nimepiga viatu vya mhandisi mpaka vinang'aa. Nimefuta vyekundu kwa kitambaa chenye maji. Akala nimezipaka mafuta. Patipati nimezisafisha pia, ingawa hazikuhitaji, nikaziweka mbele ya vyote mahali ambapo mpita njia ataziona kwanza. Kila asubuhi nitafanya hivi. Nimenunua pia buti za askari. Zinafaa, kama mgeni mwenye cheo.

Jioni sasa. Redio iko juu. Mlango unabishwa. Ni Valerie, amekuja kuchukua patipati zake, anauliza kama nimerudi.

Nimemwambia nimerudi, lakini angoje kidogo, niko na wageni.